Lukresia, Yule Kuku Bado Yupo

Mwaka umetimia, mwanangu Lukresia Isidori Mapunda, tangu asubuhi ile ya tarehe 12 Juni 2024 moyo wako ulipokataa kwenda. Ulituacha na sare ya mtoto kwenye cherehani, ina mkono mmoja. Hatujaitoa.

Nyumba yako ya Majengo ni ndogo, lakini mtoto aliyepigwa au kushindishwa njaa hakukosa nafasi humo. Nguo za wateja ulishona mchana, mabaki ya vitambaa ukawashonea watoto. "Mama, usimuulize kitu," uliniambia kila alipoletwa mgeni. "Ale kwanza, aoge, alale. Ataongea mwenyewe." Na kweli waliongea, wengine baada ya wiki nyingi, ukiwa unawapima mabega kwa futi.

Lakini leo mimi mama yako nina langu, nalisema watu wasikie.

Saada aliletwa ana miaka tisa, mgongo wote makovu ya fimbo. Hata mwezi haujaisha, ukaenda Peramiho kumtazama mgonjwa, ukaniachia nyumba. Akaja baba yake mdogo kutoka Nalasi. Alichuchumaa mlangoni, akaniamkia kwa heshima zote, kuku mkononi. Sisi tumelelewa hivyo, anayekuja na kuku amekuja kwa wema. Nikapokea kuku, nikatoa mtoto. Saada hakulia. Alinitazama tu.

Uliporudi ukauliza, "Mama, Saada yuko wapi?"

"Kafuatwa na baba yake mdogo. Mtu mstaarabu kweli."

"Mama! Si ndiye anayemchapa?"

Hukukaa hata kunywa maji. Ulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, mkafuatana na polisi mpaka Nalasi. Siku ya tano ukaingia na Saada, mkono wake umefungwa bendeji. Nikapiga magoti. "Inuka, Mama," ukasema, "bandika maji, mtoto aoge." Halafu ukamwona kuku uani, maana sikuthubutu kumchinja. Ukacheka wee! "Huyu jina lake Shikamoo, ndiyo iliyokuponza."

Hukulitaja tena. Mimi kila siku nilisema nitakuomba msamaha vizuri kesho, tukiwa wawili. Kesho yenyewe ndiyo hii, kwenye karatasi. Nisamehe, mwanangu.

Shikamoo bado yupo, anataga, na watoto wetu wa hapa, Leonce na Remmy, wanagombania mayai. Saada yuko kidato cha kwanza. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na sukari kilo mbili, anamtaka Remmy, eti ni wa ukoo wake. Mkono wangu ulishanyooka kupokea. Saada akatoka, akasimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Karibu kiti, hapo hapo nje. Sukari kaa nayo kwanza, tunamwita afisa ustawi."

Nikarudisha mkono wangu.

Unakumbukwa na mimi mama yako Hilda, kaka yako Kassian, mdogo wako Aurelia, na wanao wote uliowapa kitanda. Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa moja asubuhi, kigangoni kwetu. Saada atakuombea dua kwa dini yake.

Pumzika, Lukresia. Mlangoni yupo mtu. Nasi hatutakusahau siku zote za maisha yetu.