Mawe Meupe ya Korongo

Mpendwa Baba Kabula,

Kama ungekuwa hai ningekuuliza uso kwa uso, nawe ungekohoa, kama kawaida yako ukibanwa. Ulinidanganya, mume wangu, na mimi nikaupeleka uongo wako bomani kwa mdomo wangu mwenyewe, msimu baada ya msimu.

Unakumbuka Bwana Ndege, yule afisa wa wanyamapori, alipokupa kazi, miaka ile ya kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o? Alitaka kujua kama korongo wenye taji wanaongezeka au wanapungua, apate kulilinda bwawa lao. Ulirudi nyumbani umenuna. "Nimhesabu kiumbe mwenye roho? Hata ng'ombe wa baba sijawahi kuwahesabu." Kwetu anayehesabu vyenye uhai anaviitia kifo. Nikakucheka, nikakwambia basi hesabu mawe, mawe hayana roho. Ndipo ukaanza kutia jiwe kibuyuni kwa kila korongo uliyemwona, na kazi ya kutaja idadi ikawa yangu.

Nilikuwa nayamwaga kwenye ungo, nahesabu, kisha nampelekea karani wa boma idadi. Siku nilipouliza mbona mengine yamepakwa chokaa, ulisema, "Hayo ni majike." Nikaamini. Hata nikakutania kwamba huko mbugani kwako wanawake wanazidi kila mwaka, mwishowe wanaume mtagombewa. Ulicheka kidogo, ukaenda kutazama ng'ombe.

Jana karani alikuja. Wanataka kuchimba mfereji walikaushe bwawa, watu walime mpunga. Vitabu vyao vinasema korongo ni wengi, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Alitaka hesabu ya mwisho tu, wachimbaji waanze. Kwa kuwa hupo, nikajifunga kaniki yangu nikaenda mwenyewe. Nilisimama kwenye matete mpaka jua likawa kali. Niliona korongo saba. Nikazunguka upande wa pili, nikahesabu tena, wakawa walewale saba.

Masanja, rafiki yako mchungaji, alikuwa akinywesha ng'ombe pale.

"Mwadila, shemeji," nikamsalimu. "Wengine wamekwenda wapi?"

Akanishangaa. "Walikwisha, shemeji. Kaka akiokota aliyekufa, alikuwa anarudi kulipaka jiwe lake chokaa. Kumbe hakukwambia?"

"Kwa nini hakulitoa?"

"Alisema kulitoa ni kumtupa."

Nikakaa palepale kwenye tope. Masanja alidhani nimeugua, akaniletea maji.

Nyumbani nilimwaga kibuyu. Meupe yalikaribia kujaza ungo. Na katikati yake nikaona kijiwe kidogo chekundu, chokaa imebanduka upande mmoja. Nilikijua kabla sijakigusa. Ni kile cha mchezo wa mdako, alichokuwa akikirusha Kabula wetu mlangoni kabla homa haijamchukua. Miaka yote hiyo nilikuwa namhesabu mwanangu kati ya korongo majike, namtaja mbele ya karani, huku nikicheka. Nilibutwaa, Baba Kabula. Nilitaka kukuchukia, na sikujua nianzie wapi.

Asubuhi ya leo nilifunga mawe meupe kwenye kaniki nikayamwaga juu ya meza ya karani.

"Hawa wamekufa," nikasema. "Walio hai ni saba."

"Mama, unajua unachosema? Basi hesabu zote za marehemu ni za uongo."

"Ndiyo. Andika."

Akachovya kalamu, akaandika. Mfereji umesimama mpaka Bwana Ndege aje aone kwa macho yake. Jina lako limechafuka pale bomani, na aliyelichafua ni mimi. Nisamehe, ingawa na wewe una lako la kuombea msamaha. Kama ungeniambia mapema, labda wangekuwa zaidi ya saba.

Kijiwe cha Kabula sikukipeleka. Kimerudi kibuyuni na mawe saba ya walio hai, na sitakitoa. Sasa nakuelewa, na kukuelewa huko kunaniuma kuliko uongo wenyewe.

Pale mbugani niliokota jiwe moja zaidi, la kwako. Chokaa ipo hapa mezani, nimeikoroga tangu mchana. Imeanza kukauka na bado sijalipaka.

Pumzika, mwongo wangu.

Mkeo,
Mama Kabula