Ufunguo wa Nyumbani

Mdogo wangu mpenzi Tupa,

Salamu nyingi za upendo zikufikie hapo ulipo na zikukute mzima. Najua ni miaka mingi hakuna aliyekuita kwa jina hilo, na huenda mwandiko huu umekusumbua kabla hujatambua ni wa nani. Ni mimi, Kiu, dada yako. Bado nipo, ingawa si kwa kiasi cha kujivunia. Vipi hali yako? Na mkono wako je, siku za baridi bado unakuuma? Mimi moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa ule upole wanaoutumia wakiwa hawana dawa tena, na kwa kuwa nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nilimwelewa upesi kuliko alivyotaka. Naandika nikiwa nimeegemea mito, mistari michache kisha napumzika. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue nililala katikati ya sentensi.

Nivumilie nikianzia mbali. Unaikumbuka nyumba ile isiyokuwa na kufuli. Nimewasimulia watu uongo mwingi kuhusu utoto wangu, lakini hilo sikuwahi hata kulijaribu. Nani angeamini kwamba fundi kufuli hodari kuliko wote alikuwa ameng'oa vitasa vyote vya nyumba yake, hadi cha bafuni? Mjomba alisema anayejifungia ana jambo analomficha. Tulikuwa tunaoga huku tunakohoa ili mtu asiingie. Alipotuchukua sisi na Mama baada ya Baba kufariki, majirani walimsifu kwa wema wake, na sisi pia tulimsifu, maana tulishiba.

Na kazi yetu unaikumbuka. Wateja walileta funguo zao kunakiliwa. Mteja alipewa wake, na wewe, katika umri ambao wenzako walikuwa wakifukuza mpira, ulichonga mmoja zaidi kwa ile tupa ya chuma iliyokupa jina, ule tuliouita wa nyumbani. Huo ulitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda changu. Mimi nilimpelekea mteja ufunguo wake hadi mlangoni, nikajifanya nimechoka na jua, nikaomba maji ya kunywa. Muda wa mtu kwenda jikoni na kurudi na glasi ulinitosha kujua vyumba vilivyo, kama kuna mbwa, na nani mwingine anaishi humo. Ndiyo maana Mjomba akaniita Kiu. Aliwaambia wageni wake kwamba mwanawe huyu siku moja ataunywa mji mzima, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya majuma kadhaa, mteja akiwa ameshasahau, Mjomba alivaa ovaroli yake, akaenda mchana kweupe, akafungua mlango kama mwenye nyumba. Alikuwa akisema mwizi ni yule anayevunja, na yeye hajavunja hata kioo cha mtu.

Hakupaza sauti hata siku moja. Akikasirika alituita mwanangu, na kuanza kukunja mikono ya shati taratibu, kunjo baada ya kunjo, kama mtu anayejiandaa kula.

Siku moja tukiosha vyombo uliniambia ukikua utakuwa na kibanda chako, chenye bango la bati, na kila mteja atapata funguo alizolipia tu, hakuna zaidi. Nilikucheka, nikakwambia unaota ukiwa macho. Hukukasirika. Kumbe bango ulikuwa umeshalipaka rangi kwenye mfuniko wa kopo na kulificha nyuma ya gunia la mkaa. Mimi nilitaka kitu kidogo kuliko hicho: chumba chenye komeo upande wa ndani.

Kisha nikapeleka ufunguo kwa Bibi Mwalimu. Nilipoomba maji aliniletea maji, akanisogezea na kiti. Akaniuliza niko darasa la ngapi. Nikamwambia sisomi, naye hakunisuta. Alisema nikipita tena na funguo zangu niingie nipumzike. Nikawa napita hata nisipokuwa na ufunguo wa mtu. Mezani kwake palikuwa na kitambaa kilichopigwa pasi, viatu vilipangwa kando ya mlango, na mtu akibisha hodi hakuna aliyenyamaza ghafla. Alinifundisha hesabu za sehemu na kuandika insha. Akaniambia ana chumba cha uani kisicho na mtu, na kwamba atazungumza na mjomba wangu. Nilimshika mkono nikamsihi asithubutu.

Mjomba alijua hata hivyo. Hakukasirika. Alinipongeza. Alisema nyumba ile sasa naijua kuliko mwenyewe, na kwamba Bibi Mwalimu ana dhahabu aliyoachiwa na mama yake, hivyo siku ya soko, akitoka tu, wewe na yeye mtaingia.

Siku hiyo ulimbebea mfuko wa vifaa. Ulinisimulia mwenyewe kwamba ufunguo uliingia vizuri, Mjomba alipozungusha ukakatika shingoni. Kichwa kikabaki vidoleni mwake, meno yakabaki ndani ya kitasa. Hapo jirani akachungulia dirishani, akafurahi, akasema kumbe fundi ameitwa, afadhali, mlango wa Mwalimu ulikuwa unamsumbua. Sasa angeondokaje? Alichokonoa kitasa kile huku nusu ya mtaa ikimpa ushauri, hadi Bibi Mwalimu akarudi na kikapu chake. Akamtazama yeye, akatazama kipande alichoshika. Mjomba akajichekesha, akadai alikuwa anapita akaona kitasa kimelegea. Kesho yake fundi mwingine aliitwa kubadilisha kitasa, na wateja wetu wakaanza kupungua.

Alasiri ya siku ile ya soko Mjomba alirudi akakunja mikono ya shati. Alikuita mwanangu. Alisema shingo ya ufunguo imelika kupita kiasi, na kazi kama hiyo hufanywa na mjinga au na adui, basi uchague. Uliapa kwamba hukugusa shingo. Akanigeukia mimi, akaniuliza kama kuna mtu aliyeugusa ufunguo ule pale msumarini. Nikasema hakuna. Akaufungia mkono wako wa kulia kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani, akaniamuru mimi nizungushe mpini wake. Jikoni, Mama akaongeza sauti ya redio. Nilizungusha.

Haikupita wiki nikatumwa kupeleka ufunguo, sikurudi. Bibi Mwalimu alinipa kile chumba cha uani, na jambo la kwanza nililofanya ni kufunga komeo, nikafungua, nikafunga tena, hadi akaniuliza kutokea nje kama niko salama. Nikasoma. Nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume. Nimeishi maisha ya kawaida kabisa, ya kunung'unikia bei ya sabuni. Wewe nilikuacha kule. Mama alipofariki sikuja kuzika, niliogopa, na shangazi yetu ndiye aliyeniletea maneno yako: nisijilaumu, nililazimishwa. Maneno hayo sijayajibu hadi leo.

Mwezi uliopita mama anayenihudumia alipoteza ufunguo wake, akapeleka wangu kunakiliwa kwenye karakana iliyo ng'ambo ya reli. Aliyeuleta ni msichana, viatu vimempwaya. Alisema jua limemchosha, akaomba maji ya kunywa. Tupa, nilijiona mwenyewe. Nilimtuma mama wa watu jikoni, nikabaki nimelala nikitazama macho ya yule mtoto yakipita mle mle yalimopita yangu: dirishani, kwenye korido, kabatini. Nikamwuliza yuko darasa la ngapi. Akainamisha kichwa. Nikamwuliza bosi wake ni mtu wa namna gani. Akasema watu wanamwita Mjomba, na kwamba hapazi sauti kamwe. Kisha, bila kuulizwa, akapinda vidole vya mkono wake wa kulia, kama watoto wanavyomwiga mtu wanayemwogopa.

Amekuja mara nyingi tangu hapo. Aliniambia anatamani kulala mahali ambapo mtu hubisha hodi kwanza. Majuzi alikuja analia, akanieleza kwamba nyumba hii imepangwa Alhamisi, mhudumu akienda sokoni, kwa kuwa kikongwe aliyemo hawezi hata kuketi. Hukujua ni kikongwe gani. Sasa unajua.

Kilio chake ndicho kilichonifanya nione kwamba siwezi kufa na jambo hili. Ufunguo ule wa Bibi Mwalimu niliushusha mimi kutoka msumarini. Niliukata nusu ya unene wake kwa ule msumeno wako mdogo, nyuma ya shingo, nikaziba kwa nta na masizi, nikaurudisha. Nilitaka mlango ule usifunguke, basi. Mkono wako haukukosea. Kuzungusha jiliwa nililazimishwa, ndiyo; kunyamaza hakuna aliyenilazimisha. Neno moja lingetosha. Nilikutazama wewe, nikawaza kile chumba chenye komeo, nikachagua chumba. Ungejua kwamba ulichonga sawa, huenda ungelitundika lile bango lako, hata kwa mkono wa kushoto. Badala yake ulishika kazi pekee uliyoachiwa, na sasa jina la mtu yule ndilo unaloitwa wewe.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe. Nakuomba uniachie msichana huyu. Usimtafute, ameshaondoka na begi langu la safari, na mahali alipo nitaondoka napo. Wala usimkunjie shati anayekuchongea funguo. Yule binti alikuja kunionyesha ule wa nyumbani kabla ya kuurudisha msumarini kwako. Niliusogeza kwenye mwanga wa dirisha nikaipima shingo yake kwa kidole. Ni kazi safi. Safari hii sikuukata.

Mama anayenihudumia ataiacha barua hii mezani kwako Jumatano. Nimemwambia Alhamisi akienda sokoni asitie komeo la nje. Mlango utafunguka bila taabu. Chumba changu ni cha pili kushoto, na kuna jagi la maji kando ya kitanda, kama jua litakuwa limekuchosha. Utanikuta peke yangu.

Wasalimie wote walio nyumbani kwako, hasa wadogo, na uwaambie wana shangazi waliyekuwa hawamjui. Jifunike mkono wakati wa baridi.

Ni mimi dada yako,
Kiu