Mlango wa Mpelelezi

Chumba cha mbele, nyumbani kwa Mama
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada Mkunga,

Shikamoo. Na shikamoo hii uipokee kwa mikono miwili, maana haitoki kwa yule mdogo wako uliyemwacha akinuka tapentaini ya rangi. Inatoka kwa nyota wa televisheni. Bahati ikimpenda mtu, Dada, haipigi hodi, inavunja mlango. Mpelelezi mpya ni mimi. Umesoma sawasawa, huna haja ya kurudia mstari.

Lakini adabu kwanza. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado watoto wa watu wanazaliwa wewe ukiwa umeinama? Shemeji na lori lake wanaelewana? Wapwa zangu bado wanakua, au wameshafika darini? Sisi huku wazima. Wifi yako cherehani inamlilia toka asubuhi. Mimi nimeongezeka kidogo kiunoni; umaarufu una mafuta.

Barua yako ya mwisho iliuliza jambo moja tu, ukalipigia mstari mwekundu mara tatu kama mwalimu mwenye hasira: macho ya Mama. Tulia, nitafika. Habari ya macho na habari ya umaarufu wangu zimesokotwa kamba moja, ukivuta huku na kule kunakuja.

Unaikumbuka ile tamthilia ya utotoni? Koti refu, kofia imeinamia jicho moja, viatu vinalia kwenye ngazi. Wewe ulijifanya karani wa mpelelezi, ukawa unaandika kesi zangu kwenye daftari la hesabu, na kesi zote zilihusu sukari. Kila wiki ilianza vilevile: mlango wenye kioo cha ukungu, maandishi meusi MPELELEZI BINAFSI, kivuli cha mtu mwenye shida kinakaribia, mkono unagonga. Na mlango ule aliuchora Baba. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu tuliwaambia bila kuulizwa. Siku moja ya kazi, brashi mbili, na ile herufi yake ya zedi, yenye mkia unaopita chini ya neno zima kama bibi harusi anavyoburuta gauni. Baba alikuwa anatazama mlango tu, basi. Ukifunguka anainuka kwenda kuosha brashi. "Kazi yangu imeshaonekana," anasema, "wengine waendelee na uhalifu wao."

Sasa wameifufua. Miaka thelathini imelala kaburini, wameichimbua, wameipaka poda, wameipa simu ya mkononi. Koti ni lilelile, ngazi ni zilezile, wezi ndio wapya. Siku hizi wanaiba kwa kompyuta, hata jasho hawatoki.

Mimi nilikwenda studio na makopo yangu kwa shughuli nyingine ndogo, isiyo na haja ya kukuchosha. Mwongozaji wao ni mama mmoja anayetembea na penseli nne kwenye nywele na bado anamuuliza kila mtu penseli iko wapi. Akanikuta nimepiga magoti kazini. Akasimama nyuma yangu, akaita wenzake waje watazame. Unajua mwenyewe watu wakinitazama kinachofuata. Waliokuwa wamejaribiwa kabla yangu walifika mia mbili, wenye vifua na wenye vyeti. Mimi na darasa langu la sita nikawapita wote kama gari la zimamoto.

Jina langu hutalikuta kwenye orodha, sisi wakubwa tunatumia majina ya kazi. Na sura pia usiihangaikie. Pale wanakupaka vitu mpaka mkeo anakupita njiani hakujui.

Basi, Mama. Sikukuandikia yote, Dada, nisamehe. Ule ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umekomaa macho yote mawili. Chai alikuwa anamimina kwa kusikiliza kikombe. Mwezi wa kumi alilisalimia koti langu lililotundikwa kwenye msumari, akaliuliza kama limekula, lilipokaa kimya akalikaripia kwa kiburi. Tulicheka, na yeye alicheka, kisha nikaenda uani nikasimama peke yangu. Daktari alisema tukingoja mwisho wa mwaka huu, jicho la kulia halina ahadi.

Na Mama hataki, katakata. Barua zako nane nilimsomea, nyingine kwa sauti yako kabisa. Hataki. Kwanza kuna huyu jirani kinyozi, Mungu amsamehe, aliyemwambia kuwa mama mkwe wake alitolewa jicho zima, likasuuzwa kwenye bakuli, likarudishwa. Nilimuuliza kinyozi yeye alikuwa wapi, ndani ya bakuli? Lakini neno likishaingia sikioni mwa Mama, hata wembe wa kinyozi mwenyewe hauling'oi. Na la pili mimi na wewe tunalijua bila kusemwa. Hospitali ni ileile, mlango ni uleule. Baba aliingia pale kwa miguu yake.

Hapo ndipo umaarufu wangu ulipofanya kazi. Nikamwambia Mama kwamba mwanawe ndiye mpelelezi, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, nchi nzima itamwona isipokuwa yeye. Wifi yako aliuma ncha ya mtandio, akaenda jikoni kukohoa.

Jumamosi ilipofika tulimweka Mama mbele kabisa, magoti karibu yaguse televisheni. Mpelelezi akaanza kuongea, na mimi nimekaa pembeni nimevimba kama maandazi. Mama akaegemeza kichwa, akasikiliza, halafu akasema mbona sauti si yako. Nikamweleza kuwa wana mashine ya kuinenepesha. Akasema aa. Baadaye kidogo akauliza kama mlango upo. Nikasema upo. Ukoje? Nikasema uko kama ulivyokuwa, na mkia wake. Hata mwizi alipokamatwa mwishoni, hakusema alhamdulillahi.

Asubuhi nikamkuta ameshavaa viatu vya safari, mkoba magotini. "Nipeleke kwa daktari wa macho," akasema. "Nataka kuona mwenyewe."

Unaona, Dada? Barua nane za mkunga hazikufua dafu, kidevu changu kikafua mara moja. Sisemi kwa kujisifu, ingawa sijui ningesemaje vinginevyo.

Hospitali alikataa kushikwa mkono. Alimwambia daktari, kijana mmoja mfupi mwenye vidole vya msichana, kwamba akilitoa alirudishe lilelile, asije akampa la mtu mwingine akaanza kutambua wadeni wasio wake. Daktari ilibidi atoke nje kidogo arudishe uso wake wa kazi. Mimi huku mapokezi nilikuwa nimeshamwarifu karani kuwa anaongea na mpelelezi. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kipara. Akasema yule ana nywele. Nikamwambia ni za kubandika. Wivu, Dada, uko mpaka mahospitalini.

Kisha wakamwingiza, mlango ukafungwa.

Hapa sitatania kwa mistari michache, usiogope, nitarudi. Nilibaki mbele ya mlango ule na wifi yako. Maandishi yake yamebanduka, CHUMBA CHA UPASUAJI, na aliyeyachora alikuwa na haraka, herufi zinaegemeana kama walevi. Nilizisoma labda mara mia. Niliwaza: nimemshawishi Mama kwa maneno yangu, na maneno yangu unayajua. Jicho likienda, nimelipeleka mimi. Wifi yako akanishika kidole kimoja, kile kidogo, akakikamata vile mpaka mwisho. Dakika arobaini. Pale sikuwa mpelelezi wa kitu.

Mlango ukafunguka, Mama akatoka na pamba kwenye jicho la kulia, akiuliza kama katika jengo zima hakuna mtu anayejua kupika chai.

Kesho yake nesi akaondoa pamba. Mama akapepesa. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma kama anaikagua dukani. Halafu akanigeukia mimi. Akanitazama muda mrefu, Dada, nikawa nangoja baraka za mzazi. Akasema, "Kumbe umenenepa hivi na mmenificha." Wifi yako alicheka mpaka akalia, halafu akalia moja kwa moja bila kucheka. Tangu siku ile Mama hatuachi. Ameona vumbi la miaka miwili nyuma ya kabati. Ameona kuwa mapazia niliyosema ni ya bluu ni ya kijani. Ameliona koti kwenye msumari, akaliomba radhi.

Basi jana ikawa Jumamosi tena. Nyumba ilijaa. Kinyozi alikuja wa kwanza, alitaka kulikagua jicho lililosuuzwa. Mama alikaa kiti chake, safari hii amekirudisha nyuma kama watu wengine. Muziki ukaanza, mlango ukatokea, kioo cha ukungu, maandishi.

Mama akainuka. Akaenda mpaka kwenye televisheni, akasimama mbele yake, watu wote tukawa tunatazama mgongo. Kinyozi akasema jamani, mama yetu, hatuoni. Akamjibu bila kugeuka, "Subirini. Mimi nimesubiri miaka miwili." Akaweka kidole juu ya kioo cha televisheni, akaufuata mkia wa ile zedi taratibu toka mwanzo wa neno mpaka mwisho. Aliufikisha mwisho sekunde ileile kivuli kilipogonga na mlango ukafunguka.

Mpelelezi akaingia na koti lake na nywele zake za kubandika. Kinyozi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya taa za studio. Hakuna aliyeyahitaji, kwa sababu Mama hakumtazama mpelelezi hata mara moja. Aliondoka mbele ya televisheni, akachukua vikombe, akaenda zake jikoni. Mlangoni akasema, "Kazi yetu imeshaonekana. Wengine waendelee na uhalifu wao."

Dada, ile sauti. Ningekuwa nimefumba macho ningesema mzee amerudi kuosha brashi.

Habari nyingine ni ndogo. Jicho la kushoto ni mwezi wa tano, ameshapanga siku mwenyewe, na anataka daktari yuleyule mwenye vidole vya msichana. Kinyozi ametubu hadharani, na kama kafara ameanza leo kumsomea gazeti kila asubuhi, ingawa Mama anamsahihisha kwa kusikiliza tu. Wifi yako anakushonea gauni. Nimemwambia asiweke mkia.

Msalimie sana shemeji, mwambie asiendeshe na usingizi. Wabusu wapwa zangu, yule mrefu kwa kupanda kiti. Wasalimie na wakunga wenzako wote, waambie mdogo wako ni nani. Wifi yako anakusalimu, Mama anakusalimu kwa jicho moja na anasema linatosha kwa sasa. Mungu akulinde uendako na urudiko, na mikono yako ipokee watoto wenye kilio kikubwa na mama zao wenye afya. Njoo likizo utuone, na sisi tuonekane.

Wako akupendaye kuliko kioo kinavyonipenda,
Mdogo wako, Mpelelezi Mkuu

N.B. Nilikuwa nimeshatia sahihi na kulamba bahasha. Mama akaniomba barua. Nikadhani anataka kuishika tu, kama zamani. Ameketi dirishani akaisoma yote, peke yake, kidole chini ya mstari, saa nzima, mara ya kwanza tangu mwaka juzi anasoma kitu kwa jicho lake. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kilichoandikwa humo.

Amemaliza, amekunja karatasi. "Yaliyoharibika yalikuwa macho," ameniambia. "Masikio yangu ni mazima tangu nilipozaliwa. Nilikuzaa, sauti yako siijui?" Anasema alikubali kupasuliwa niliposema mlango una mkia wake, kwa sababu Baba hakumfundisha mtu mwingine mkia ule. Alitaka kuuona, basi. Na anasema bahasha haifungwi mpaka niandike ukweli, na atausoma.

Haya. Mpelelezi si mimi. Hakuna aliyenichagua, na nywele za yule bwana ni zake. Mimi nilichora mlango.