Kilimia kwa Upande wa Nyuma

4 Januari
Mwanangu mpendwa,
Habari za huko? Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Ule mchezo wa anga uliouacha kwenye kompyuta sasa nimeuweza. Jana nilielekeza chombo kwenye Kilimia, kile kifungu cha nyota nilichokuonyesha ukiwa mdogo, umekaa mabegani mwangu. Nimefika. Ukiingia ndani si kifungu tena, kila nyota iko mbali na mwenzake. Nikageuka nyuma kulitafuta jua letu. Halionekani. Nikajisikia mpweke, nikakuwaza. Hapa kinyozini nimewasimulia wateja wote, wanangoja utasema nini.
Ni mimi baba yako.

19 Januari
Shikamoo baba,
Mimi mzima. Kazi ya kufua mashuka ya hoteli inanikomesha, lakini naimudu. Baba, umenivunja mbavu. Nimewasimulia wenzangu, tumecheka mpaka msimamizi akaja. Ile ni michoro tu ya vijana wa kompyuta, wamemwaga nukta popote. Usiwatangazie watu kwamba umefika Kilimia, watasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mama apumzishe goti.
Wako mwanao.

2 Machi
Shikamoo baba,
Hamjambo? Mbona kimya? Mwenzangu mmoja ana mchezo huohuo. Kumbe nyota nyingi wamezibuni, lakini zile zinazojulikana wameziweka mahali pake halisi. Kilimia ni chenyewe. Nimeona haya. Halafu jana nikikunja mashuka nikakumbuka jambo lililonikata maini: barua zangu huzisomi wewe. Mikono yako huwa kichwani mwa mtu, na mteja aliye kitini ndiye huzisoma kwa sauti, benchi zima likisikiliza. Niambie ile barua ya Januari hukumpa mtu.
Mwanao.

15 Machi
Mwanangu,
Hatujambo, goti limepoa. Aliisoma dereva wa lori, nusu ya kichwa nimeshanyoa. Alipofika pa kuchanganyikiwa akanyamaza. Nikamwambia endelea, maana kimya chake kilikuwa kibaya zaidi. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Nilimmalizia kichwa, nikasingizia mashine imeharibika, nikafunga. Sikukasirika. Niliona aibu, na bado naiona. Kompyuta nimeifunika kwa shuka. Hii yako nimeisoma mwenyewe, mlango umefungwa.
Baba.

3 Aprili
Shikamoo baba,
Natumaini mnaendelea vizuri. Nimeazima kompyuta ya mwenzangu, nimefika Kilimia. Ni kama ulivyosema. Nimegeuka nyuma kuwatafuta, sikuona kitu, nikakaa pale mpaka mwenyewe akaitaka kompyuta yake. Ukifika hapa, acha kusoma. Fungua mlango, ngoja mteja akae kitini, umpe aanzie mstari unaofuata.

Ndugu mnaosubiri kunyolewa, mimi ni mtoto wa kinyozi. Baba yangu alifika Kilimia kweli. Mimi ndiye niliyekosea, nikamcheka kabla ya kuangalia, nikamwaibisha mbele yenu. Naomba radhi. Wewe unayesoma, tafadhali rudia kwa sauti kubwa zaidi, maana mzee hujifanya hasikii mashine ikiwa inawaka.
Mtoto wake.