Tope Lililochemshwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini mvua haijakulowanishia dagaa kwenye vichanja, na Bibi bado anagombana na redio yake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inakufuata mpaka kitandani.

Juzi kwenye simu nilicheka mpaka ukakasirika, ukakata. Nisamehe, Mama. Nilicheka ili nisilie. Sasa naandika taratibu kwenye simu ya kaka Masanja, akusomee yote, asirukeruke mistari.

Unakumbuka swali lako siku ile naondoka? Ulikuwa unaanika dagaa, ukaniuliza, "Hii dizeli ya mitumbwi inayoelea hapa ufukweni inaishia wapi? Isije ikawa inaishia kwa hawa dagaa ninaowauzia watu." Jibu lake ndilo nililolifuata huku chuoni.

Kazi yenyewe iko hivi. Dizeli imejaa kaboni, kama makaa. Sisi tunatumia mafuta ambayo kaboni yake imetiwa alama, mashine inaitambua popote itakapokwenda. Tunayatia kidogo kwenye tope la ziwa. Bakteria, wadogo hata jicho haliwaoni, wanayala. Viumbe wakubwa kidogo wanawala hao bakteria, wadudu wa majini nao wanawala hao, na wadudu ndio chakula cha dagaa. Tunaifuata alama mdomo hadi mdomo.

Basi ile chupa ya tope la ziwa uliyonitumia ilipofika nikaitia mafuta, nikapima wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kitu! Mafuta yamekaa vilevile. Profesa anayenisimamia, mama mpole ila hana muda wa kupoteza, akasema, "Huenda ziwani kwenu hakuna wa kuyala. Tuliache, tutumie tope la mto wa hapa." Nilirudi chumbani nikalia. Mto wa hapa hauna dagaa wako.

Ndipo nikakupigia kukuuliza chupa uliijaza vipi. Nawe ukajibu kwa fahari, "Nilitoa takataka zote, nikalichemsha mpaka likatokota. Ningekutumiaje uchafu huko kwa wazungu? Wangesema ulilelewa jalalani!"

Ee Mama, uliwapika wote! Lakini kosa ni langu. Nilihangaika na karatasi za vibali nikasahau kukwambia neno moja tu, na wala si kwamba sikujui. Hata maji ya mgeni kunawa unayachemsha.

Kesho yake nilimfuata profesa kabla hajavua koti. Nikamwambia, "Ziwa bado hatujaliuliza. Tumeuliza sufuria." Yeye alicheka, mimi sikucheka. Nimepewa nafasi moja tu, mpaka mwisho wa mwezi ujao. Hii ikishindikana, ziwa letu linatolewa kwenye kazi. Ile chupa yako siitupi, itakaa kando ya mpya, ionyeshe mafuta yanavyobaki pasipo na walio hai.

Kwa hiyo Masanja, wewe unayesoma, shuka ufukweni palepale unapomwagia oili chafu ukitengeneza injini. Usijifanye hupajui! Chota tope pamoja na maji yake, funga, weka kivulini. Mwanafunzi mwenzangu atapita hapo Ilemela Jumamosi kulichukua, vibali anavyo. Na ukome kumwaga oili hapo, au nikirudi tutaonana.

Mama, najua unaogopa jibu, maana vichanja hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Hata mimi naogopa. Lakini likiwa baya nitakwambia vilevile lilivyo. Sitakuchujia.

Nisalimie Bibi, na shangazi wa dukani Mabatini, na baba mdogo wa Kamanga aliyeninunulia koti. Mwambie linanifaa, ingawa mikono imezidi.

Ni mimi binti yako, nisiyekubali kushindwa na sufuria,

Kabula

Nimesahau: tope litanuka, Mama, na Jumamosi ni mbali. Liache linuke. Usilichemshe.