Majani ya Ng'ombe wa Mama Ndeshi

Marangu, Jumapili

Dada Anna, shikamoo.

Huku ni ukungu tu, na mtori nimeshiba mpaka nashindwa kuinama. Leo baada ya ibada nilimfuata Bibi yetu na akina mama wenzake wa kanisani. Walikwenda kwa Mama Ndeshi, ambaye tangu amzike mwanawe hajamfungulia mtu mlango. Hawakubisha hodi. Walianza kumkatia ng'ombe wake majani, wakiimba, na magauni ya kanisani mwilini.

Sauti ikatoka ndani: "Majani hayo hali!"

Bibi akajibu, "Basi njoo utuonyeshe anayokula."

Mlango ukafunguka, akatoka na mundu wake. Dada, nilisimama kama niliyeona mtu akifufuka.

Nimewakumbuka sana. Mungu awatunze wewe na watoto.

Mdogo wako, Upendo