Vumbi Lililo Kwenye Jezi ya Seif

Hillbrow, Johannesburg
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Zuhura,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mtu aliyenyimwa kitu atafarijika akiambiwa kuwa anacho. Hufanya hivyo misibani, hufanya hivyo mbele ya wagonjwa, na wewe umemfanyia hivyo mwanao tangu aliporudi Tanga. Umefanya kwa mapenzi matupu, na hakuna aliyekuambia. Nimeanza na kosa kabla ya salamu, najua. Mama yetu angekuwa hai angenirudisha mlangoni nibishe hodi upya.

Basi assalaam alaykum. Hujambo? Magoti ya shemeji Omari yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia imemfaa, au ameiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Mimi ni mzima, nashukuru. Bado nafundisha hesabu chuoni, bado nakohoa baridi ikianza, na lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo kila nikipanda na mfuko wa unga nasimama kila ghorofa kama basi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Umesema, "Kaka, nimemkosea nini mwanangu? Nimemfanyia sherehe, yeye ananisusia nyumba." Swali ni la haki na nitalijibu. Seif yuko Muheza kwa rafiki yake, wanafunga umeme kwenye nyumba mpya. Amenipigia simu. Hakuniomba nikueleze, lakini pia hakunikataza, na kwa umri wangu naijua tofauti ya hayo mawili. Nimeandika kwa mkono kwa sababu maneno haya hayafai kusikilizwa kwenye simu ukiwa sokoni. Kaa chini uyasome.

Nianze na timu, maana wewe uliisikia kwa simu tu, na kwenye simu vijana husimulia mazuri peke yake. Chuo chetu ni jengo la ghorofa katikati ya jiji, hakina uwanja. Vijana walifanya mazoezi kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya gereji, na mpira ukiruka ukuta wanangoja fundi amalize kucheka ndipo aurudishe. Kocha alikuwa Mzee Mokoena, fundi bomba mstaafu, mzaliwa wa hapa, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza. Mimi nilikuwa meneja wa timu, cheo kikubwa ambacho kazi yake ni kubeba machungwa. Mwanao alikuwa nahodha.

Hatukuwa na mtu wa kutufulia, kwa hiyo Mokoena aliweka zamu. Baada ya kila mechi mchezaji mmoja hubeba begi lenye jezi zote, huzifua kwa mikono kwake, huzipiga pasi, na siku ya mechi inayofuata yeye ndiye humkabidhi kila mwenzake jezi yake, mkononi, akimtazama usoni. Mokoena hakuruhusu mtu kujichukulia jezi begini. Alisema aliyefua jasho la mwenzake hawezi kumnyima pasi uwanjani. Mwanzoni niliona ni maneno ya kizee. Baada ya miezi michache niliona vijana ambao nyumbani kwao wasingesalimiana wakicheza kama watoto wa mama mmoja.

Kipa wetu alikuwa Trésor, kijana wa Kikongo kutoka Lubumbashi, mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. Siku moja Seif alipokuwa akigawa jezi, Trésor akainusa yake.

"Kapteni, umefulia na sabuni gani? Iko inanuka kama bibi-arusi."

"Nyamaza wewe," Seif akamjibu. "Zamu yako ulirudisha soksi tatu."

"Ile ya ine ilikimbilia Zambia."

Wakaingia uwanjani wanacheka, wakashinda.

Mwaka ule hatukufungwa hata mechi moja. Tulianza kwa sare kwenye mvua, kisha tukamfunga kila aliyekuja mbele yetu, mpaka tukafika fainali. Wapinzani walikuwa vijana wa chuo kimoja cha upande wa Sandton, wenye basi lao na mtu wa kuwakanda misuli. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Seif chuoni, na karibu nusu ya timu vilevile. Kama wasingelibeba kombe siku ile, wasingepata siku nyingine. Hilo kila mmoja alilijua bila kuambiwa.

Zamu ya kufua jezi za fainali ilimwangukia mwanao. Alizifua kwenye bafu letu, akafunga kamba kibarazani kutoka ukuta hadi ukuta, akazianika zote. Watu wa jengo la pili walichungulia madirishani wakampigia miluzi. Zilikuwa bado hazijakauka rais alipotangaza kwenye televisheni kwamba mikusanyiko imepigwa marufuku kwa sababu ya korona. Fainali ikaahirishwa. Siku chache baadaye tukafungiwa ndani sote.

Sitakusimulia yote ya wakati ule. Wanajeshi walipita barabarani wakifokea watu waliosimama milangoni mwao. Vyakula vya msaada vilipoletwa kwenye jengo letu, waliogawa waliuliza vitambulisho vya uraia, nasi tukapanda ngazi mikono mitupu. Mrundi mwenye spaza, yaani lile duka dogo la chini, alitupitishia unga na mafuta kwa mlango wa nyuma. Na Seif, kila asubuhi, alifungua lile begi, akazikung'uta jezi, akazikunja upya, akaliweka begi karibu na mlango. Niliacha kumuuliza kwa nini. Alikuwa anangoja kuitwa.

Kilichokuja ni barua pepe ya waendeshaji wa ligi. Mistari michache tu: msimu umefutwa, matokeo yote hayahesabiwi, hakuna bingwa. Akanisomea, kisha akanigeukia.

"Mjomba, umefutwa maana yake tumeshindwa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Hapana."

"Sasa sisi ni nani?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu, Zuhura, na nimezoea kuwa na jibu. Ningeweza kumweleza kwamba anayefungwa hupata sifuri, na sifuri ni namba, ina mahali pake, unaweza kuionyesha kwa kidole. Wao hawakupewa hata sifuri. Walichopewa ni nafasi tupu kwenye karatasi. Niliinuka nikabandika maji ya chai.

Chuo kikajiona kina huruma. Kilipofunguliwa kwa shida shida, kilitundika bango kubwa mlangoni lenye picha ya timu na maandishi: MABINGWA WA MIOYO YETU. Trésor alilitazama, akasema, "Mwalimu, moyo haina kabati ya kuweka kombe." Seif, tangu siku ile, akawa anaingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hujaambiwa.

Korona ilipozidi mara ya pili, ilimchukua Mzee Mokoena. Alilazwa, hatukuruhusiwa kumwona, na habari iliyofuata ilikuwa ya mazishi. Serikali ilikuwa imeweka kikomo cha watu wa kuhudhuria, na ukoo wake peke yake ulitosha. Sisi hatukuwa na nafasi. Vijana wakaenda hivyo hivyo, nami nikaenda nao. Seif alibeba lile begi.

Makaburi yako kusini mwa jiji, kwenye ardhi nyekundu, na yamezungushiwa uzio wa waya. Tulisimama nje ya uzio, kando ya barabara. Pale, magari yakipita, mwanao alifungua begi akaanza kugawa jezi. Alimkabidhi kila mmoja yake, mkononi, akimtazama usoni juu ya barakoa. Hakuna aliyetania. Wakazivaa juu ya mashati yao wakajipanga kwenye waya. Zuhura, zile jezi zilizofuliwa kwa ajili ya fainali zilivaliwa mara moja tu, na mara yenyewe ndiyo hiyo.

Huku ni desturi wanaume kulijaza kaburi wenyewe kwa makoleo. Siku ile ndugu waliokuwa ndani walikuwa wachache na wengi wao wazee. Wakaanza, wakachoka, wakaondoka kaburi likiwa halijajaa. Mlinzi wa lango alikuwa ametuona muda wote. Akatazama huku na huku, akafungua.

"Eish, madoda," akasema, yaani jamani, wanaume. "Ingieni. Haraka, haraka."

Wakaingia, wakayashika makoleo, wakawa wanapokezana kama walivyopokezana zamu za kufua. Kulikuwa na upepo. Lile vumbi jekundu liliwapanda mpaka kwenye nyusi. Trésor aliponiachia koleo lake aliniuliza, "Mwalimu, sasa hii ndiyo fainali yetu?" Nikalipokea koleo nikaendelea kutupa udongo.

Usiku huo nilimwambia Seif aifue jezi yake. Akasema, "Nitaifua nyumbani, Mjomba. Siwezi kuifulia tena kwenye bafu lile." Nikamwelewa, nikamwacha. Mipaka ilipofunguliwa akaja kwenu nayo hivyo hivyo, chini kabisa ya begi lake.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Uliifungua mizigo yake akiwa bado anaoga, kama mama yeyote, ukaiona jezi, ukapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Aliniambia alitoka bafuni akakuta umeinyanyua juu kwa mikono miwili unasema, "Tazameni, vumbi la Afrika Kusini hilo, vumbi la ushindi!" Ulikuwa hujacheka hivyo tangu alipoondoka. Akakosa nguvu ya kukukatisha. Jioni ile jezi ikawa ukutani kwa misumari, na ukakataza mtu kuifua. Uongo huo haukuanza na mtu mwongo. Ulianza na mama mwenye furaha na kijana aliyechoka, kisha kila mgeni aliyekaribishwa chai akauongeza kidogo, mpaka Seif akawa bingwa wa nchi, ilhali kwenye orodha ya mabingwa ya ligi, kwa mwaka wetu, wamechora kistari.

Halafu ikaja sherehe yako. Pilau, viti vya kukodi, mwenyekiti wa mtaa na hotuba yake. Na jirani yako Mzee Shomari, kwa nia njema, akampakata mjukuu wake, akapitisha kidole kwenye jezi, akampaka mtoto lile vumbi mguuni ili naye awe mchezaji. Mkapiga makofi. Seif akatoka kwa mlango wa nyuma. Ulidhani amekwenda kufuata soda.

Zuhura, lile ni vumbi la kaburi la kocha wake.

Sikuandikii haya ili nikuumize. Sina uchungu na wewe hata kidogo. Uchungu nilio nao ni wa hawa wa huku, wa ligi na wa chuo. Ligi imerudi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwaita wale vijana kuwaambia neno kwa mdomo. Bango la chuo lilipochakaa walichapisha jipya, na sasa picha ya mwanao inatumika kuvutia wanafunzi, sura yake imezidi ukubwa wa mlango. Trésor alikwenda hapo hapo, chini ya picha yake mwenyewe, kuomba kazi ya kuwanoa makipa. Wakamwambia asubiri barua pepe. Sasa analinda lango la ghala moja huko Midrand. Kila akinikuta husimama wima, ananipigia saluti, ananiuliza, "Mwalimu, ile barua imefika?" Tunacheka. Si kicheko kizuri. Wakinipa tena cheo cha umeneja nitawarudishia, maana sina tena cha kuwaambia vijana kuhusu juhudi.

Wewe, lakini, bado una la kufanya, na ndiyo sababu nimeandika kurasa zote hizi. Usimwite bingwa tena. Hakuwahi kufungwa, hilo ni kweli na linatosha, liseme hivyo hivyo akikuuliza mtu. Usimwombe radhi kwa hotuba ndefu, maana naye atalazimika kukujibu. Na Mzee Shomari usimwambie kitu. Hakujua, na mtoto hakudhurika.

Nisalimie shemeji Omari, mumeo mvumilivu, mwambie dawa ni ya kupaka. Nisalimie shangazi Mwanaidi aliyetulea, mbusu mikono kwa niaba yangu. Nisalimie Rehema, kitinda mimba wako, nimesikia anaiweza hesabu, aje anibishie siku moja.

Nawakumbuka nyote, hasa asubuhi kama hizi ambapo jengo liko kimya na ninasikia watu wa chini wakiburuta viti. Nimemaliza kueleza. Kilichobaki ni kazi yako, nayo ni moja tu: leo, ukishaikunja barua hii, ishushe ile jezi ukutani, ifunge kwenye kanga safi, panda gari la Muheza ukamkabidhi Seif mkononi, aifue mwenyewe.

Kaka yako,
Bakari